Mto Uliokauka Juu Tu

Tulimzika Mama Syombua mwezi uliopita, kule upande wa Kyuso, na tangu turudi nyumbani, mjini Wote, nimekuwa nikikiwaza chumba alichonipangisha kuliko ninavyomwaza yeye mwenyewe. Mke wangu Mwende ananicheka. Anasema ni mimi tu ninayeweza kumlilia mtu kwa kukumbuka mabati yake. Basi na acheke. Chumba chenyewe kilikuwa cha matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, chenye kitanda cha kamba, meza ambayo mguu wake mmoja mfupi uliwekewa kipande cha tofali, na mabati yenye matundu matatu ya misumari ambayo kila asubuhi yalinimwagia mwanga usoni kabla sijataka kuamka. Harufu ya ndengu, yaani choroko, haikutoka humo. Ghala lilipojaa, magunia yaliletwa chumbani mwangu, nikalala nayo kama ndugu. Habari za kwetu na jinsi nilivyofika huko nitaziacha, hazina utamu. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini na minne, kwamba mfanyabiashara mmoja wa mji wa Sultan Hamud alikuwa amenituma kaskazini mwa Kitui niwe karani wake na nimkusanyie ndengu kutoka kwa wakulima, na kwamba nilijiona mjuaji. Mwaka huo ulinitoa ujuaji, ingawa si wote. Mwende husema uliobaki ungewatosha watu wawili.

Ukuta kati ya chumba changu na jiko la Mama Syombua haukufika kwenye paa. Uliishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na juu yake ulipita moshi, harufu ya vitunguu na maneno yote ya kijiji. Nilijua nani amegombana na kwaya, nani amepeleka ng'ombe wake malisho ya mwenzake, na mchungaji alikohoa mara ngapi katikati ya mahubiri. Saa kumi na mbili asubuhi alianza kutwanga mahindi ya muthokoi, na kila mchi uliposhuka kinuni meza yangu ilitikisika. Jioni aliniita nikale. Sikuwa nimelipia chakula, tulikubaliana chumba tu, lakini alikuwa na kawaida ya kusema, "Karani, kuja umalize hii, punda hawakuli maharagwe," na mimi nikaenda kuwasaidia punda. Muthokoi wake ulipikwa mpaka mahindi yakapasuka, ukachanganywa na maharagwe na majani ya kunde, na alikuwa hapendi mtu anayekula kwa haraka. Alikuwa mama mfupi, mweusi wa kupendeza, mwenye miguu mipana ambayo sikuiona hata siku moja ndani ya kiatu isipokuwa Jumapili. Alikuwa na punda sita. Kwa sababu ya hao punda, kazi yangu yote ilikuwa mikononi mwake, kwani mashamba yaliyokuwa na ndengu nzuri yalikuwa ng'ambo ya mto Kavuti, na hakuna gari lililothubutu kuvuka pale.

Nieleze mto huo, maana watu wa mjini wakisikia mto wanafikiria maji. Kavuti ni mchanga. Kwa miezi tisa au kumi ya mwaka ni barabara pana ya mchanga mweupe kati ya kingo mbili, upana wake ni kama viwanja viwili vya mpira, na maji yako chini, yamejificha. Watu huchimba visima humo humo mchangani, vingine vya kufika kiunoni, vingine vya kumfunika mtu kabisa, wakavizungushia matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Mvua ikinyesha milimani mto unakuja kwa siku moja au mbili, mwekundu, umebeba miti na mizoga, halafu unaondoka jinsi ulivyokuja. Mimi ni mtu wa Makueni, nimekulia kwenye mito ya namna hiyo, kwa hiyo nilipofika niliona hakuna jambo geni. Lakini mito ya kwetu ina mwamba karibu na juu. Ikikaa siku tatu baada ya mafuriko imekwisha kuwa imara, unapita hata na lori. Kavuti hauna mwamba ila mahali pamoja, mbali juu, ambapo ukizunguka kwenda na kupita kwenye miiba inakuchukua karibu saa tatu. Mahali pengine pote mchanga umeshuka chini sana, na maji yanaendelea kutembea chini yake wiki nzima baada ya juu kukauka. Sasa unaona ganda jeupe, lina vumbi hata, na chini yake ni uji.

Ndiyo maana Mama Syombua aliupima. Alitoka na mchi uleule wa muthokoi begani, peku, na watu walimwita "mama anayetwanga mto" akawa haoni kama ni matusi. Kila hatua tano alisimama, akauachia mchi udondoke mara tatu mahali pamoja. Wa kwanza ni wa kuvunja ganda. Wa pili ni wa kusikiliza, kwa sababu mchanga uliokaa hutoa sauti fupi na ule ambao haujakaa hutoa sauti nzito, ya kitu kilichomwagika. Baada ya wa tatu aliuchomoa mchi na kuinama kulitazama shimo. Likibaki mviringo, sawa, songa mbele. Likianza kujifunga polepole, rudi. Alifanya hivyo mpaka ng'ambo ya pili, halafu akarudi kwa mstari mwingine, akipima tena, kwa sababu alisema mto hauna upande mmoja. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima. Ilinikera sana. Bwana wangu wa Sultan Hamud alitaka magunia, mimi nilitaka kumpendeza, na huyu mama alikuwa anatembea mtoni kama aliyeangusha pete. Siku moja nilisikia juu ya ukuta karani wa ghala jingine akimbembeleza jikoni. "Mama, hiyo mto imekauka, mimi nimeona vumbi inatoka, kweli!" Mama Syombua hakuinua sauti. "Hata uji ikikaa inatoa ngozi juu," alimjibu. "Weka kidole uone." Yule karani akatafuta punda wengine, na wiki iliyofuata tulisikia kwamba mmoja amezama mpaka shingoni na magunia yake mawili. Alitolewa, lakini hakufaa tena kwa mizigo.

Baada ya hapo niliacha kukereka, nikaanza kumfuata. Alinifundisha bila kusema kwamba ananifundisha. Alinipa mchi nibebe kwa sababu bega lilimuuma, kisha akaniambia niudondoshe kwa sababu mkono ulimuuma, na baada ya miezi mitatu alikuwa anaumwa kila mahali na mimi ndiye nimekuwa mpimaji. Nilijifunza kwamba mchanga unaobeba mtu mmoja hauwezi kubeba kumi waliofuatana, kwani kila mguu unautikisa, na ukitikiswa unalegea. Kwa hiyo pale ambapo hatukuwa na hakika tulitembea tukiwa tumeachana, kila mtu na njia yake, wala hatukukanyaga nyayo za mwenzetu. Nilijifunza kuogopa mahali palipo laini kuliko kwingine, kwani huenda palikuwa kisima, na mafuriko yamekijaza matope mepesi na kukisawazisha juu kama kitanda kilichotandikwa. Ukikosea, usivute mguu kwa nguvu, keti. Hilo la kuketi ndilo lililonishinda kuliko yote. Mwili wa mtu haukubali kuketi juu ya kitu kinachommeza.

Na huko ng'ambo, nikifuata ndengu, nilimpata Mwende. Hilo halina hadithi ndefu. Alikuwa akipepeta kwenye uwanja wa baba yake, nikamwambia ndengu zake zina mawe, akachukua kiganja kimoja, akanimwagia mkononi na kusema, "Tafuta." Nilitafuta mpaka jua likaelekea kuzama, sikupata hata moja. Kufikia Desemba wazee wa kwetu walikuwa wamekwisha kutumwa kuzungumza na baba yake, aliyekuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkimya, asiyecheka bure, na siku ya ntheo ikapangwa. Kwetu Ukambani ntheo ndiyo inayomfanya msichana awe mke. Mbuzi watatu wa upande wa kijana wakishapokewa kwao na kuliwa, mambo yameisha, hata kama arusi ya kanisani itangoja miaka. Wasipofika, huna mke, hata muwe mmeandikiana barua za kujaza gunia. Siku ya kwanza haikufaa kwa sababu Amu Muia, ndugu wa baba yangu na msemaji wetu, aliumwa mgongo. Baba ya Mwende alikubali kuahirisha, ila alituma neno fupi kwamba watu wenye haja huwa hawaumwi mara mbili. Tulielewa. Ikapangwa Jumamosi moja ya Februari, na nikajua kwamba ikipita hiyo nimempoteza Mwende.

Siku nane kabla ya Jumamosi hiyo ilinyesha mvua ambayo haikuwa na ruhusa ya kunyesha. Februari kwetu ni mwezi wa vumbi, ndengu zimekwisha kuvunwa, anga nyeupe. Pale kijijini halikuanguka hata tone, lakini kule milimani wingu lilikaa jeusi tangu asubuhi, na tulipokuwa tunakunywa chai Mama Syombua akaweka kikombe chini na kusema, "Ssh." Nilidhani ni lori. Ilikuwa Kavuti. Tulikimbia na kijiji kizima tukaukuta umejaa ukingo kwa ukingo, ukipitisha miti mizima, na matawi ya miiba ya visima vyetu yakienda zake. Watu walifurahi kuona maji. Mimi nilihesabu kwenye vidole siku zilizobaki kufika Jumamosi. Siku ya pili maji yakapungua, ya nne yakaisha, ya sita jua likawa limekwisha kuupaka mto rangi yake nyeupe ya zamani. Ijumaa jioni watu wetu wakafika kwa pikapu kutoka Makueni, wazee watatu, shangazi zangu wanne, mbuzi watatu, blanketi, sukari, na kreti mbili za soda badala ya pombe kwa heshima ya mzee wa kanisa. Walilala kwa Mama Syombua, wengine chumbani mwangu, juu ya magunia. Walikula muthokoi mpaka sufuria ikalia, na Amu Muia akaifanyia mazoezi hotuba yake mbele ya jiko. Ilikuwa hotuba nzuri. Alikuwa ameitunga mwezi mzima.

Asubuhi nilienda kupima. Hapa ndipo nataka kusema polepole, kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia hadithi hii nikiliruka jambo hili. Mama Syombua alikuwa na wageni wa kupikia, kwa hiyo nilichukua mchi nikaenda peke yangu. Hatua tano za kwanza, sawa. Kumi, sawa, shimo likabaki mviringo. Kumi na tano, sauti ikabadilika kidogo. Kidogo tu. Nilisimama pale nikatazama mbele, mto wote mweupe, mzuri, na ng'ambo niliona moshi wa jikoni kwao Mwende, wanatupikia. Nikajiambia kwamba siku nne bila maji zinatosha. Nikajiambia kwamba kama hapa ni sawa, basi na pale ni sawa. Ukweli ni kwamba sikutaka kudondosha mchi tena kwa sababu niliogopa utaniambia nini. Nilirudi. Amu Muia alikuwa ukingoni, amevaa koti lake la sufu kwenye joto lile, na akaniuliza, "Umepima?" Nikasema, "Nimepima, Amu." Neno lenyewe lilikuwa la kweli, na ndilo uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kusema.

"Mimi hata singepima," Amu akasema akiwageukia wenzake. "Mimi nimezaliwa kwa mto. Yetu kule ikikaa siku tatu, unapitisha lori imejaa mawe. Haya, tupange mstari. Mbuzi mbele."

Tukapanga mstari. Ntheo hailetwi na watu waliotawanyika kama kuku, inaletwa kwa nyimbo na kwa hatua moja. Amu alitangulia na beberu mkubwa kwa kamba, wazee wawili nyuma yake na mbuzi wengine, shangazi zangu wakafuata wakipiga vigelegele na kukanyaga chini kwa pamoja, na mimi nikawa mwisho, kwa sababu siku hiyo bwana arusi ni mzigo kama mizigo mingine. Analetwa, haongei. Nyuma yangu alikuja Mama Syombua na punda wawili wa soda na blanketi. Tulikuwa bado ukingoni aliponisogelea. "Karani," akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeniuliza habari za chumvi. "Umepima mpaka wapi?"

Alinitazama, akautazama mto, akazitazama nyayo zangu zilizokwenda hatua kumi na tano na kurudi, wazi kabisa kwa mtu mwenye macho. Mbele yetu wazee walikwisha kushuka mchangani. Nilitamani apige kelele yeye. Ilikuwa rahisi sana kwake, wote wangemsikiliza, mwenye punda ni yeye. Lakini alishika kamba za punda wake akasimama. "Mimi na hawa hatuendi," akasema. "Na sitasema. Ni wewe umesema imepimwa, ni wewe utasema haijapimwa. Harakisha."

Niliita, "Amu!" Nyimbo zikanimeza. Niliita tena, na shangazi mmoja akageuka, akaweka kidole chake mdomoni kuninyamazisha huku akicheka, akidhani nimezidiwa na furaha. Basi nikakimbia. Nilipita pembeni mwa mstari, nikahisi mchanga chini yangu umeanza kutetemeka, lile tetemeko la ugali ambao haujashika, nikasimama mbele ya shangazi zangu na mikono yangu yote miwili juu. "Simameni! Simameni hapo! Hakuna mtu apige hatua!" Wimbo ukakatika. "Amu, nilikudanganya. Nimepima mwanzo tu. Huko katikati sikufika, niliogopa. Hiyo mto haijakaa, Amu. Rudi."

Amu Muia aligeuka, hatua kumi mbele yangu, uso wake umebadilika rangi. "Wewe," akasema. "Wewe leo hauongei. Mbuzi ya ntheo ikitoka nyumbani hairudi nyumbani, hata mtoto anajua. Unataka huyo mzee aseme tumekuja tukaogopa mchanga?" Akavuta kamba, akapiga hatua tatu kwa hasira, peke yake. Shangazi zangu hawakumfuata. Wala wale wazee wengine. Hatua ya tatu beberu akatoweka mpaka tumboni bila kulia, na mguu wa Amu ukaingia mpaka gotini. Palikuwa kisima. Sote wa upande ule tulikuwa tumechota maji pale mwezi mzima, nami nilikuwa nimekizungukia mara mia, ila mafuriko yalikiondolea miiba na kukisawazisha, nikakisahau kana kwamba hakikuwahi kuwepo.

Kila mtu alitaka kukimbilia pale. Hapo ndipo Mama Syombua alipozungumza, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia hata juu ya ukuta. "Hakuna kukusanyika! Nyinyi wamama, mtawanyike, rudini ukingoni, kila mtu na njia yake. Mzee, keti chini. Keti, nimesema! Usivute mguu." Na Amu Muia, ambaye nilikuwa sijamwona akimtii mtu yeyote maishani, akaketi kwenye mchanga na koti lake la sufu. Mama akanirushia magunia matupu ya punda. Nilitambaa kwa tumbo nikiyatandika mbele yangu, nikamfikia Amu kwanza, nikauchimbua mguu wake kwa mikono, nikiutikisa kidogo kidogo ili maji yaingie pembeni, mpaka ukatoka na kiatu kikabaki. Nilimwambia ajiviringishe mpaka ukingoni. Alikataa. "Na mbuzi?" akasema. Basi tukalala wawili pale, kifudifudi, yeye akikishika kichwa cha beberu kwenye kwapa lake na kumsemesha kama mtoto mgonjwa, mimi nikichimba. Mguu wa mbele, mwingine, halafu magunia chini ya tumbo, halafu miguu ya nyuma. Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba katikati yake Amu aliniambia, bila kunitazama, "Hizo hatua tatu, wamama wangekuwa nyuma yangu." Nilikuwa nalia, na mchanga ulinisaidia kuficha.

Beberu alipotoka alijikung'uta, akatupaka matope sote wawili, akaanza kula kamba yake. Hapo shangazi mmoja akacheka, kisha wote, kicheko kile kinachomshika mtu aliyeponea chupuchupu, wakaketi ukingoni wakishikana mabega. Mimi niliwahesabu. Niliwahesabu tena. Saba, pamoja na Mama Syombua nane, wote na miguu yao. Ilikuwa nafuu kubwa, na ingawa nimepata nafuu nyingi tangu siku ile, za hospitali, za watoto, za mvua iliyonyesha wakati wake, hakuna iliyonishika kwa namna hiyo. Tukazunguka kwa juu, kwenye mwamba. Saa tatu za miiba, shangazi zangu wamevua viatu, hakuna aliyeimba. Na hata kwenye mwamba Mama Syombua alitangulia na mchi, akigonga, ingawa kila mtu aliona kwamba ni jiwe.

Tulifika kwao Mwende jua limeanza kulegea, wakati wageni walitakiwa kufika saa nne asubuhi. Chakula kilikuwa kimepashwa moto mara mbili. Baba yake alisimama langoni, mikono nyuma, akatutazama mmoja mmoja: wamama waliochanwa na miiba, beberu mwenye matope mpaka kwenye pembe, msemaji aliyevaa kiatu kimoja. Desturi inamtaka mwenye nyumba aulize habari za njia, na desturi inamtaka msemaji ajibu kwamba njia ilikuwa nzuri, ndipo hotuba ianze. Akauliza. Niliinamisha kichwa. Nilijua kwamba sasa Amu ataisema ile hotuba yake ya mwezi mzima, na sikuona ni sentensi gani ndani yake itakayotufaa.

"Njia ilikuwa mbaya," Amu Muia akasema. "Huyu kijana wetu alitudanganya kuhusu mto. Halafu akatuambia ukweli mbele ya wamama, kabla hatujakufa. Mimi sikumsikia, na ndiyo maana niko hivi. Mbuzi ni hawa. Kijana ni huyu. Sina kitu ingine ya kuongeza, mzee. Mkimtaka hivyo, tuko hapa."

Ndani ya jiko vyungu viliacha kugongana, na nilijua kwamba Mwende yuko nyuma ya ukuta ule, anasikiliza. Kisha yule mzee akafanya jambo lisilofanywa. Aliwapita wazee wote akanijia mimi, mzigo, nisiyetakiwa kuongea, akauliza, "Kesho watu wako watarudi. Watapita mto wapi?"

Ningeweza kutaja mwamba. Ningeweza kusema kwamba kufikia kesho jua litakuwa limeukausha, na pengine ingekuwa kweli. Nilikuwa na majibu mengi mazuri mdomoni, kama kawaida yangu. Nikasema, "Sijui, mzee. Sijapima."

Alinitazama kidogo. Halafu akainama, mzee mrefu vile, akaichukua kamba ya beberu mwenye matope kutoka mkononi mwa Amu, akaliambia jiko kwa sauti, bila kugeuka, "Leteni maji ya moto. Wageni wetu wanawe miguu."